Kitenzi “lower” cha Kiingereza: mwongozo kamili wa maana, asili na matumizi yake

Chukua amri nne za Kiswahili: shusha bendera, punguza sauti, inamisha macho, tua tanga. Vitenzi vinne, kila kimoja na kazi yake. Kiingereza kinazimaliza zote kwa kitenzi kimoja: lower the flag, lower your voice, lower your eyes, lower the sail. Mwanafunzi akiona hivyo hufurahi, maana neno moja limemwokoa kukariri manne.

Furaha hiyo huisha akianza safari ya kurudi. Anataka kusema “shusha abiria”, “shusha pumzi”, “punguza uzito”, “punguza maumivu”, naye anachomoa “lower” ileile. Kati ya hizo nne hakuna hata moja inayoikubali. Abiria ni “drop off”, pumzi ni “sigh” au “breathe out”, uzito ni “lose”, maumivu ni “ease”. Kwa hiyo “lower” si shusha, wala si punguza, ingawa kila siku hutafsiriwa hivyo na tafsiri ikawa sahihi. Nimefanya kazi ya kutafsiri kwa muda wa kutosha kujua kwamba kamusi haikosei hapa. Inakupa jibu tu bila kukuambia swali lilikuwa lipi. Mwongozo huu unaanza na swali.

Hatua ya 1: Jua neno limebeba nini tumboni

“Low” maana yake ni -a chini. “Lower” ni -a chini zaidi. Waingereza waliichukua hiyo “chini zaidi” kama ilivyo, bila kuibandika kiambishi chochote, wakaitumia kama kitenzi: kukifanya kitu kiwe chini kuliko kilivyokuwa. Vitenzi vilivyozaliwa kwa njia hii ni vichache. Kuna “better”, yaani kuboresha, ambayo nayo ni ulinganishi, yaani umbo la “zaidi”, uliogeuka kitenzi. “Worsen” na “lessen” vimetoka katika ulinganishi pia, ila vimehitaji kusaidiwa na “-en” mwishoni. Cha kuchekesha ni kwamba hakuna kitenzi “to higher”. Anayeshusha ana kitenzi kilichotokana na “chini zaidi”. Anayepandisha hana cha “juu zaidi”, inambidi atumie “raise”.

Kwa nini ujishughulishe na hili? Kwa sababu ule ulinganishi haukutoka neno lilipobadilika kuwa kitenzi. Kila mara unapotaka kuandika “lower”, neno lenyewe linakuuliza: chini kuliko wapi? Lazima kuwe na ngazi, kitu kiwe kimesimama kwenye kidato fulani, kisha kihamishiwe kidato cha chini yake. Bei ina ngazi. Joto lina ngazi. Bendera ina mlingoti. Umri wa kupiga kura una nambari. Hata heshima ya mtu tunaizungumzia kama kitu kinachopanda na kushuka.

Abiria hana ngazi. Ukimshusha kituoni hapungui chochote, ametoka garini tu, na kwa Kiingereza huko ni kumwacha mahali, si kumweka chini. Maumivu nayo Kiingereza huyatazama kama mzigo: yanafanywa mepesi. Ndiyo maana kuna “relieve”, neno ambalo asili yake ya Kilatini ina maana ya kufanya kitu kiwe chepesi. Uzito wa mwili ndio mkaidi. Una kipimo, una nambari, lakini Waingereza husema “lose weight” na habari imeishia hapo. Lugha yoyote ina sehemu zake zisizoulizwa kwa nini.

Ngazi hiyo si lazima isimame wima. Tazama ramani ya Misri: “Lower Egypt”, Misri ya Chini, iko kaskazini, sehemu ya juu ya ramani. Ngazi iliyotumika pale ni mto Naili, unaotiririka kutoka kusini kwenda baharini, na chini ni kule maji yanakoelekea. Mtu asiyeuliza “chini kwa kipimo gani?” atapotea Misri nzima.

Hatua ya 2: Tazama ukoo wake

“Low” yenyewe haikuzaliwa Uingereza. Ililetwa na Waskandinavia waliovamia na kisha kuhamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Kwao lilikuwa “lágr”. Mzizi wake wa mbali ni uleule uliozaa “lie”, kulala, na “lay”, kulaza au kuweka. Kitu kilicho “low”, kwa hiyo, hapo mwanzo ni kitu kilicholala chini. “Law”, sheria, ni ndugu wa ukoo huohuo: ni kile kilichowekwa chini kikatulia. Na “raise”, mpinzani wake mkuu, naye aliingia kutoka kwa Waskandinavia haohao. Kupanda na kushuka, Waingereza wamevipokea kutoka jahazi moja.

Kabla ya hapo walikuwa na neno lao la asili, ambalo leo limebaki katika “nether” na “beneath”, na katika jina “Netherlands”, nchi za chini, ile nchi tunayoiita Uholanzi. Kutokana na neno hilo Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi “niðerian”, kushusha na kudhalilisha. Kilikufa. Baadaye kikaja kitenzi “to low”, kufanya kitu kiwe chini, nacho kikachakaa. “Lower” kama kitenzi kinaonekana takriban mwaka 1600, na katika mojawapo ya matumizi yake ya mwanzo, kwenye Antony and Cleopatra, tamthilia ya Mwingereza Shakespeare, maana yake ni kushuka, bila mtu wa kukishusha kitu. Maana ya kushusha, yaani kuna mtenda na kuna kinachotendwa, ilifuata katika karne hiyohiyo, na ndiyo iliyoteka neno lote. Kumbuka jambo hilo, litakusaidia hatua ya 5.

Hatua ya 3: Zoeza sikio, maana kuna pacha wa bandia

Kitenzi chetu hutamkwa kwa silabi mbili, karibu na “lóu-a”. Mkazo uko mwanzoni, na kwa sababu hiyo “r” haiongezwi inaponyambuliwa: “lowered”, “lowering”, “lowers”. Anayeandika “lowerring” amedanganywa na “referring”, ambayo mkazo wake uko mwishoni.

Kuna neno jingine linaloandikwa “lower” vilevile lakini likatamkwa “láu-a”, kwa vina sawa na “flower” na “power”. Hili maana yake ni kununa, kukunja uso, na kwa mbingu ni kufunga kwa mawingu mazito ya kutisha. Halina undugu na “low” hata kidogo. Ndugu zake wako katika Kijerumani na Kiholanzi, ambako maana ni kuvizia. Shakespeare anafungua tamthilia yake Richard III kwa mawingu yaliyounununia ukoo wa kifalme, na neno alilotumia ni hilo.

Mimi lilinipata mapema. Katika hadithi moja niliyopewa kutafsiri kulikuwa na “lowering clouds”, nami nikaandika kwa kujiamini “mawingu yaliyokuwa yakishuka”. Mhariri alirudisha karatasi akiwa amechora mstari na kuandika neno moja pembeni: “Yamenuna.” Utetezi wangu ulikuwa kwamba mawingu ya mvua hushuka kweli, na si mimi wa kwanza kuchanganya; maneno haya mawili yamekaribiana hata vichwani mwa Waingereza wenyewe. Lakini mhariri alikuwa sahihi. Kinga ni mbili. Ukisoma “lowering” mbele ya sky, clouds, brow au look, fikiria kununa kwanza. Na ukiandika mwenyewe maana hiyo, tumia tahajia “lour”, ambayo haina utata.

Kosa la tatu la sikio ni kukata neno. Wengi husema “low the volume”, wakidhani “low” inaweza kufanya kazi ya kitenzi. Kiingereza cha leo kina kitenzi “low”, ila maana yake ni kulia kama ng'ombe. Ukimwambia mtu “please low the volume” ataelewa unachotaka, lakini ulichomwambia, kwa haki, ni jambo la zizini.

Hatua ya 4: Uliza kinachoshuka ni nini

Hapa ndipo penye utajiri wote wa neno hili, kwa hiyo tusiharakishe.

Kitu cha kushikika kikishushwa taratibu, kikiwa mkononi au kwenye kamba, ni “lower”. They lowered the coffin into the grave: waliliteremsha jeneza kaburini. Utaratibu huo ni sehemu ya maana. Anayefanya “lower” anakishika kitu mpaka kitue. Akikiachia katikati, amefanya “drop”. Mabaharia wameitumia hivi kwa matanga, milingoti na mashua za kuokolea, na kinyume chake kwa tanga na bendera ni “hoist”, kutweka. Kioo cha gari ni “lower the window”, ingawa mdomoni watu husema zaidi “roll down”. Pazia la kukunjwa kwenye roli hushushwa, “lower the blind”. La kitambaa la kuvuta pembeni ni “draw the curtains”, kwa sababu haliteremki.

Kwa bendera ya maombolezo Waingereza husema “lower the flag to half-mast”, Wamarekani “to half-staff”. Kiswahili tunayo nusu mlingoti, na hapo tafsiri inakaa yenyewe.

Viungo vya mwili vinafuata: macho, kichwa, mikono, silaha iliyo mkononi. She lowered her eyes ni kuinamisha macho, na kama ilivyo kwetu, kunaweza kuwa haya, heshima au hatia. Muktadha ndio unaoamua. Kichwa kina mshindani, “bow”, ambacho ni kuinamisha kwa heshima au sala. “Lower your head” inaweza kuwa onyo tu kwamba mlango ni mfupi.

Sauti ni mahali pa kuwa na busara. “He lowered his voice” katika simulizi ni nzuri sana: msomaji anajua siri inakuja. Lakini “lower your voice” kama amri ni kali, ni ya mkubwa kwa mdogo au ya mtu aliyekwisha kuudhika. Kwa mwenzako, “keep your voice down” haichomi sana. Redio na televisheni huenda na “turn down”: turn the radio down. “Lower the volume” si kosa, ila inasikika kama kijitabu cha maelekezo.

Kisha nambari. Bei, kodi, riba, gharama, joto, shinikizo la damu, hatari, kiwango cha chini cha umri: hapa “lower” ni mfalme. Britain lowered the voting age from 21 to 18. Sheria hiyo ni ya mwaka 1969. Marekani ilifanya hivyo mwaka 1971. Sentensi moja imebeba kidato cha juu, kidato cha chini, na aliyehamisha. Madaktari nao wamejitengenezea vivumishi: “cholesterol-lowering drugs”, dawa za kushusha kolesteroli, huku vistari vikikazana kushikanisha maneno.

Mwisho ni hadhi. “Lower oneself” ni kujishusha, na kwa kawaida huja ikiwa imekanushwa: I would not lower myself to answer him. Siwezi kujidunisha nikamjibu. Angalia hatari iliyopo hapa. Kwa Kiswahili “kujishusha” huwa sifa, ni unyenyekevu wa mtu mkubwa asiyejikweza. Kwa Kiingereza “lower oneself” ni aibu, ni kufanya jambo lisilolingana na heshima yako. Ukitaka kumsifu kiongozi aliyejishusha, mwandikie “humble himself” au sema tu “he is humble”. Ukiandika “he lowered himself” umemtukana kwenye sherehe yake mwenyewe.

Hatua ya 5: Jenga sentensi

Kanuni moja ikishika hapa, nusu ya makosa imekwisha: “lower” ni shusha, si shuka.

Kiswahili kinatofautisha kwa kiambishi. Bei imeshuka, mfanyabiashara ameshusha bei, bei imeshushwa. Kiingereza cha leo kinatofautisha kwa maneno mbalimbali. Shuka ni “fall”, “drop”, “go down” au “come down”. Shusha ni “lower”. Kwa hiyo “The prices have lowered” ni sentensi ya mtu anayefikiri “bei zimeshuka” na kuokota neno lililo karibu. Sema “Prices have fallen” pakiwa hapana mtenda, na “They have lowered their prices” akiwapo. Ile maana ya kale ya kushuka haijafa kabisa, utaikuta kwenye riwaya, his voice lowered, the sun lowered, lakini iache kwa waandishi wa riwaya. Shushwa ni “was lowered”, nayo haina tatizo.

Baada ya kitenzi huja vihusishi, na hapo Kiswahili chetu hutuponza kwa ukarimu wake. “Kaburini”, “majini”, “mezani”: kiambishi “-ni” kinabeba ndani, juu na kwenye kwa pamoja. Kiingereza kinataka uchague. Kitu kikiingia ndani ni “into”: lowered into the well. Kikitua juu ni “onto”: lowered onto the table. Kikiishia usawa fulani ni “to”: lowered to the ground.

Kwenye nambari vihusishi ni viwili, na kuvikosea kunaweza kuua. Tuseme mgonjwa anatumia miligramu 20 za dawa. “Lower the dose by 5 mg” ni kupunguza kwa 5, abaki na 15. “Lower the dose to 5 mg” ni kushusha hadi 5. Herufi mbili kila kimoja, tofauti ya mara tatu. “By” ni kwa. “To” ni hadi. Ukitafsiri maelekezo ya dawa, vikague hivi peke yao, ukiwa umeweka kidole juu ya kila kimoja.

Ndani ya asilimia kuna shimo jingine. Tarehe 19 Machi 2020 Benki Kuu ya Uingereza ilishusha riba yake kutoka asilimia 0.25 hadi 0.1. Imeshuka kwa kiasi gani? Ukitoa moja kwa nyingine ni “by 0.15 percentage points”, yaani kwa pointi 0.15 za asilimia. Ukiandika “by 0.15 percent” umesema riba haikuguswa kwa chochote cha maana, kwa sababu asilimia 0.15 ya 0.25 ni kama hakuna kitu.

Kuhusu “lower down”: usiongeze “down” baada ya kitenzi. Sisi husema “shusha chini” bila aibu, lakini “lower down the box” inasikika kama mtu anayepanda juu huku akieleza kwamba juu si chini. “Lower the box” inatosha. Nomino yake ni “a lowering”, nayo ni nzito kidogo. Kwenye ripoti ya fedha utapata zaidi “a reduction in” au “a cut in”.

Hatua ya 6: Mpambanue na jamaa zake

Jamaa anayemnyang'anya kazi mara nyingi ni “reduce”. Lilitoka Kilatini, likiwa na maana ya kurudisha nyuma, na kwetu linaonekana kama ndilo punguza la kweli. Mpaka uko hapa: “lower” hushusha kiwango, “reduce” hupunguza kiasi au ukubwa. Taka, foleni, wafanyakazi, uvimbe: hivyo ni “reduce”, kwa kuwa unapunguza wingi wake. Bei, riba na hatari huenda na vyote viwili. Mwendo ni mfano mzuri wa jinsi mpaka unavyopinda. Alama za barabarani Uingereza huandikwa “REDUCE SPEED NOW”, na dereva husema “slow down”. Lakini serikali ikibadili ile nambari iliyo kwenye kibao, “it lowers the speed limit”, kwa sababu kikomo ni kidato kwenye ngazi.

“Cut” ni “lower” ya wahariri wa magazeti: fupi, kali, inaingia kwenye kichwa cha habari. “Bring down” hutumika kwa homa na bei, lakini pia kwa serikali, na hapo ni kuangusha. Usijaribu kamwe “lower the government”. “Let down” kwa kitu ni kuteremsha; kwa mtu ni kumvunja moyo, kumwangusha aliyekutegemea.

Kwenye hadhi, jamaa ni wengi na kila mmoja ana jeraha lake. “Demote” ni kushusha cheo rasmi. Ni neno la Kimarekani lililotengenezwa kwa kugeuza “promote”. “Degrade” limebeba neno la Kilatini la ngazi, “gradus”, na leo linamaanisha kudhalilisha au kuharibika ubora. “Debase” huharibu thamani ya kitu chenyewe, kama sarafu iliyochanganywa na madini hafifu. “Abase” ni la kidini na la kale, na mara nyingi mtu hujifanyia mwenyewe. “Demean” ni kudunisha. “Humiliate” ni kuaibisha mbele za watu, na ndani yake mna “humus”, ardhi. Ukilinganisha na hizo zote, “lower” ndiyo tulivu kuliko zote. Inaeleza kushuka bila kupaza sauti. Ukihitaji tusi, chagua jamaa. Ukihitaji habari, kaa na “lower”.

Hatua ya 7: Misemo, na inakotoka

“Lower the bar” imetoka kwenye mchezo wa kuruka juu: ufito ukishushwa hata mvivu anavuka. Ni kulegeza vigezo, na karibu daima ni lawama. “Lower your sights” ni ya mlenga shabaha anayeshusha mtutu; maana ni kukubali lengo dogo kuliko ulilolitaka. “Lower your guard” ni ya mwanamasumbwi aliyeacha kujikinga. “Lower the tone” utaisikia zaidi kwa Waingereza, pale mtu anapoleta mzaha wa chumbani kwenye mazungumzo ya heshima. “Lower the temperature” katika siasa ni kupoza hasira.

“Lower case” imetoka kwenye viwanda vya uchapaji. Herufi za risasi zilipangwa kwenye sanduku mbili, kubwa katika sanduku la juu na ndogo katika la chini, na ndiyo sababu herufi ndogo zinaitwa hivyo hadi leo. Kutoka hapo neno likaingia kwenye kompyuta: katika Python, lugha ya kuandikia programu, amri ya lower() hugeuza maandishi yote kuwa herufi ndogo. Waandishi wa vikusanyaji (compilers), yaani programu zinazogeuza programu nyingine kuwa lugha ya mashine, nao wana “lowering” yao, yaani kuishusha programu kutoka umbo lililo karibu na binadamu hadi lililo karibu na mashine. Ngazi tena.

Hatua ya 8: Mtego wa maneno mawili

“Lower prices.” Nini hiki? Inaweza kuwa amri: punguzeni bei. Inaweza kuwa kirai: bei za chini zaidi. Herufi hazisaidii, sauti haisaidii. Katika “Lower taxes mean lower prices” zote mbili ni vivumishi: kodi ndogo huleta bei ndogo. Katika “Lower taxes and people will spend” ya kwanza ni kitenzi: punguza kodi, watu watatumia pesa.

Kipimo changu ni kutafuta kitenzi kikuu kingine. Kikiwapo kinachotawaliwa na hilo fungu, kama “mean” hapo juu, basi “lower” ni kivumishi. Kisipokuwapo, au kikitanguliwa na “and” inayoleta matokeo, ni amri. Kwenye bango lenye maneno hayo mawili tu hakuna kipimo kitakachokusaidia. Uliza nani ameliandika: duka linajisifu, waandamanaji wanaamuru.

Hatua ya 9: Jipime

Tafsiri hizi kabla ya kusoma majibu: joto limeshuka usiku, muuguzi alishusha homa ya mtoto, walimshusha cheo, shusha begi mezani, mwenye nyumba amenishushia kodi kwa robo, tua tanga.

La kwanza ni “The temperature fell overnight”, kwa kuwa hakuna aliyeshusha. La pili linakubali “lowered”, lakini mwuguzi mwenyewe angesema “brought the child's fever down”. La tatu ni “demoted”. La nne linategemea begi liko wapi: likiwa limetundikwa juu na linashushwa polepole kwa kamba, “lower the bag onto the table”, likiwa mkononi tu, “put the bag on the table”. La tano ni “My landlord has lowered my rent by a quarter”, na ukiandika “to a quarter” umejipa punguzo ambalo mwenye nyumba hakulitoa. Hapo pia “-ia” ya kutendea, kunishushia, imeyeyuka ndani ya “my”. Usijaribu “lowered me the rent”.

La sita ni “Lower the sail!”